Kukataa Chai kwa Mama Mkwe

Sista alinivuta kope la chini kwa kidole gumba, akachungulia, akaachilia, akasema, "Mama, hapa damu hakuna." Alisema vivi hivi tu, kama mtu anayesema chumvi imeisha jikoni. Nami nilikuwa nimeenda kliniki kwa jambo lingine. Nilikwenda kumwambia nimeamua kuacha vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu mimi na mume wangu tulikuwa tumezungumza tukaona wakati wa mtoto wa pili umefika.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tuliishi karibu na Sosiot, katika boma la mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, na mume wangu ndiye kitinda mimba wake, na kwetu Wakipsigis kitinda mimba ndiye hubaki na mama. Kwa hivyo mimi, ukitaka ukweli, niliolewa na watu wawili. Nyumba yetu ilikuwa mbele, jiko la mama mkwe nyuma, na kuanzia ukuta wa jiko hilo hadi chini mtoni ilikuwa ni majani chai matupu.

Mimi si mtoto wa majani chai. Nimezaliwa upande wa Sigor, kule Bomet ya chini, kwenye mahindi, ng'ombe na jua. Huku juu, kwenye mvua ya kila alasiri, nilikuta watu ambao kwao chai ndiyo salamu yenyewe. Kabla ya chakula, chai. Pamoja na chakula, chai. Ukimaliza kula, unaulizwa kama umekunywa chai. Mgeni akikataa kikombe, akishaondoka watu huulizana ni nani aliyemkosea.

Vidonge nilianza kumeza baada ya kuzaa binti yangu wa kwanza. Nilimzalia jikoni kwa mama mkwe, mvua ikinyesha na barabara imekuwa uji. Mtoto alitoka vizuri akalia. Mimi ndiye sikuwa vizuri. Nilitokwa na damu hadi nikawa nasikia watu wakiongea mbali, kana kwamba wako ng'ambo ya mto, ilhali walikuwa wameniinamia. Wanaume walinibeba kwa machela ya magunia hadi barabarani, pick-up ya maziwa ikanipeleka hospitali. Nilipona. Daktari akaniambia nipumzishe mwili miaka kadhaa, na mimi sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Sikuyafanya hayo kwa siri. Mume wangu alijua, na mama mkwe alijua, maana katika boma lile hata kuku akitaga watu wanajua alitagia wapi. Mama mkwe hakupinga. Shida yake ilikuwa moja: aliamini vile vidonge haviyeyuki. Alisema vinalala tumboni, kimoja juu ya kingine, kama mawe ya mtoni. "Na siku utakapotaka mtoto," aliniuliza, "atapita wapi?" Nilicheka mbele yake. Nikiwa peke yangu, nilikuwa najibonyeza tumbo nisikie kama kuna kitu kigumu.

Maana mtoto nilimtaka. Wacha niseme wazi: nilimtaka hadi nikiona nguo za mtoto mchanga zimeanikwa kwa jirani, nasimama nazihesabu. Na nilikuwa naogopa kufa. Hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja, na hakuna lililomshinda mwenzake.

Kwa hivyo siku ile kliniki nilijikaza nikamuuliza sista habari ya mawe, nikiangalia sakafu. Hakunicheka. "Umefanya vizuri kuuliza," akasema. "Mficha uchi hazai." Akanieleza kwamba vidonge havikai mwilini, ukiacha vinatoka upesi. Mwili unaweza kurudia mzunguko wake mara moja, au ukazurura miezi kadhaa kwanza kama ng'ombe aliyezoea kufungwa. Kwa sababu mimba inaweza kushika haraka, akanipa kondomu, ile mipira, tuitumie na mume wangu kwa muda, hadi damu yangu ipande. "Ukitokwa tena kama ile mara ya kwanza," akasema, "na damu ni hii, mama, hutakuwa na ya kupoteza."

Basi akaniandalia maisha yangu. Mboga za kienyeji, managu na sagaa, kila siku. Maharagwe. Maini yakipatikana. Mapera, yasaidie mboga kufanya kazi. Vidonge vyekundu vya kuongeza damu, na vingine vidogo vya manjano ambavyo alisema vinasaidia mtoto kuumbika vizuri, na kwamba ni heri kuanza kuvimeza kabla hajaingia. Nikawaza, kumbe nimekuja kuacha dawa na ninatoka na dawa mbili. Halafu akasema lile neno.

"Na chai usinywe na chakula. Wala usimezee dawa na chai. Chai inashika ile nguvu ya damu iliyo kwenye chakula, inaitoa nje. Kunywa mbali na chakula, ama uache kabisa."

"Sista," nikamwambia, "wewe unaishi Kericho hii, ama wapi?"

Alicheka hadi akafuta macho. Nyuma yake, kwenye dirisha, kulikuwa na chupa yake ya chai.

Mimi najijua. Kwangu hakuna nusu. Ukiniambia kikombe kimoja mbali na chakula, jioni vitakuwa vitatu, na kimoja kitakuwa kimeshikana na ugali. Nikaamua kuacha kabisa.

Jioni hiyo mama mkwe alinimiminia kama kawaida, maziwa mengi, majani mengi, ile chai nzito ya rangi ya udongo. Nikasema, "Mama, leo sinywi."

Aliangalia kikombe. "Maziwa yameharibika?"

"Hapana, mama."

"Imeshika moshi?"

"Hapana. Sista amenikataza."

Nilisema ukweli, mnisikie vizuri. Nilitaka hata kueleza, lakini ningeanzia wapi? Utamwambiaje mtu aliyesomesha watoto wake wote kwa majani yale kwamba majani yale yanakula damu? Nilikuwa bado natafuta maneno nilipoona uso wake umebadilika. Alikuwa anapiga hesabu moyoni: sista amemkataza. Sista anamkataza mke wa mtu chakula kwa sababu gani? Alikichukua kile kikombe taratibu, akakinywa yeye mwenyewe, akawa anatabasamu peke yake akiangalia moto.

Ai! Nilielewa nikiwa nimeshachelewa.

Kesho yake nilimeza kile kidonge chekundu bila kula, nikatapika nyuma ya ghala la mahindi. Jirani yetu mmoja, mama mcheshi mwenye sauti ya kanisa, alikuwa upande wa pili wa ua akikata nyasi. Alisimamisha panga tu, akanitazama, akaendelea kukata huku akiimba. Na hivyo vidonge vyekundu kila mwanamke wa kule alivijua. Ni vile vile ambavyo wajawazito walipewa kliniki. Amekataa chai, anatapika asubuhi, anameza vyekundu. Hata mimi ningekuwa jirani ningeamini.

Sasa mtauliza, kwa nini sikusema tu kwamba sina mimba? Kwa sababu hakuna aliyeniuliza! Kwetu mimba haisemwi. Inangojwa ionekane yenyewe. Ukiitaja mapema, ni kama unaiitia macho na midomo ya watu. Mama mkwe mwenye adabu hamwulizi mke wa mwanawe, na mke wa mwana hamwambii mama mkwe. Basi jambo ambalo halijasemwa, utalikana vipi? Niamke, nisimame uani, niite, "Hamjambo majirani, mimi sina mimba"? Wangesema imemshika vibaya hadi kichwani.

Nilimwambia mume wangu. Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Na mipira yote ile!" akasema. Nikamwambia basi yeye ni mtoto wake, amwambie. Kicheko kikakatika. "Mimi? Nimwambie mama yangu mambo ya tumbo la mke wangu? Heshima itakuwa wapi?" Akaenda kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ikawa hivyo. Mama mkwe alininyang'anya kikapu cha majani mgongoni. "Weka chini," akasema, akakivaa yeye, akaingia kwenye mistari yangu akaichuma pamoja na yake. Maji ya mtoni akawa anayateka mapema kabla sijaamka. Akashusha kibuyu kizuri kilichokuwa juu darini, akakiosha, akakipaka masizi ndani, akaanza kutengeneza mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwa maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mimi. Managu yalikuwa yananingoja kila mchana, yamechemshwa na maziwa, sahani imejaa hadi pembeni. Alikaa akaniangalia nikila. Nikiacha kidogo, anasukuma sahani kwa kidole. Jirani naye alimtuma binti yangu kwangu na mapera kwenye sketi, na siku moja nilipomkaripia mtu kwa kunitazama tumbo, aliniitia juu ya ua, "Lisemwalo lipo, mama, kama halipo laja!"

Nilikasirika, haki ya Mungu. Napewa heshima ya mtu mwingine, na mtu huyo hayupo. Nikichukua jembe, linachukuliwa. Nikipiga chafya, naletewa kiti. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu: siku watakapojua, watasema nimepoteza mimba. Halafu watasema ni vile vidonge. Halafu mume wangu ataanza kupewa mashauri ya mke mwingine na wajomba ambao hawajatukanyagia uani tangu harusi.

Lakini chakula ni chakula. Kwa yale managu ya uongo, damu yangu ya kweli ilipanda. Niliporudi kliniki sista alinivuta kope akasema, "Eeh! Sasa huyu ni mtu." Akatuambia tunaweza kuanza kumtafuta mtoto. Mipira tukaiacha.

Nilidhani itakuwa kama kufungua mfereji. Miaka yote nilikuwa nimeufunga, sasa naufungua, maji yatoke. Mwezi ukaisha, damu ikaja. Mwingine ukaisha, ikaja. Nilifua vitambaa vyangu mbali kule chini mtoni, nikavikausha ndani chini ya kitanda, ili mama mkwe asivione kwenye kamba. Kila mwezi nilijiambia sista alisema mwili unaweza kuzurura. Nilijiambia hivyo nikikamua vitambaa kwa nguvu hadi vidole vikauma.

Halafu ukaja mwezi ambao damu ilichelewa. Nilingoja. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nikaanza kutembea polepole. Nikaanza kukubali kiti nikiletewa. Nilikuwa naosha vyombo mkono mmoja uko tumboni, na moyoni namwambia mama mkwe, kumbe wewe ulijua kabla yangu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliomba kwenda kuchuma majani, na yeye akakubali kwa sharti kwamba nifuate mstari ulio karibu na wake na nichume kidogo kidogo.

Ilikuwa asubuhi, majani bado yamelowa. Nilikuwa nimeinama nipitishe mkono kati ya mashina, nikahisi maji ya moto yananishuka pajani. Nilijua. Mwanamke anajua. Nilisimama pale pale na majani mkononi, sikuweza hata kuyatupa kikapuni.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Aliona nguo.

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwake, mtu ambaye akiitwa kutoka ng'ambo ya shamba huitika kwa kuinua mkono tu. "Woooi! Woooi! Leteni pick-up ya maziwa! Pick-up!" Kikapu kilianguka, majani yakamwagika matopeni, na huyu ni mtu aliyekuwa akinigombeza kwa jani moja. Alinilaza kati ya mistari. Alifungua leso yake akanifunga nayo kiunoni, akainua miguu yangu akaiweka begani mwake. Nami nalia. Nalia kwa sababu mwezi wangu umekuja.

"Mama," nikasema, "hakuna mtoto."

"Nyamaza. Usiongee. Usimalize nguvu."

"Mama, hakuna. Hakukuwa. Ni mwezi tu."

Aliangalia ile nguo, akaniangalia usoni, akaangalia nguo tena. Nikamwambia yote nikiwa nimelala pale chini ya majani chai: sista, kope, damu, vidonge vyekundu, chai, na kwamba nilikuwa najaribu na sishiki, na kwamba mwezi huu nilidhani. Alishusha miguu yangu taratibu, akakaa kwenye matope kana kwamba amesukumwa.

"Nisamehe," nikasema. "Najua ulikuwa unangoja mjukuu."

"Mjukuu?" Aliligeuza hilo neno kama hajawahi kulisikia. "Nani alikuwa anangoja mjukuu? Mjukuu ninaye. Mimi nilikuwa nangoja damu." Akajipangusa uso kwa kiganja chenye utomvu wa majani. "Kila siku nikiamka naangalia ile njia ya jikoni, nione kama umetoka ukitembea mwenyewe. Siku ile walipokubeba, mimi nilibaki nikiosha jiko langu. Niliosha. Nilimwaga maji, bado mekundu. Nikaleta mengine, bado mekundu. Nilikuwa naosha na sijui kama uko hai. Sitaki kuosha tena, mama. Bora usizae."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Miaka yote ile tulipita tukipishana kwenye njia moja, na mimi nilidhani ananihesabia miezi. Nililia upya, kwa sauti, na yeye akalia, tukashikana pale matopeni kama watu waliofiwa, na hakuna aliyekufa. Wakati jirani alipofika mbio na panga mkononi akituuliza kuna nini, mama mkwe alimjibu, "Ni nyoka. Ameshaenda." Halafu akanigeukia, "Okota hayo majani. Yenye matope hawatayapokea kwenye kituo cha kupimia chai."

Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Kwa hivyo chai inakula damu?"

"Ikinywewa na chakula, mama."

Alitembea hadi tukafika kwenye lango ndipo akasema, "Na siku ile ulipozaa nilikuwa nakunywesha kikombe juu ya kikombe. Nikijua nakurudishia nguvu." Nilimwambia si chai iliyofanya nitokwe vile. Sikujua kama alinisikia.

Kuanzia hapo hatukuwa na adabu ya kufichana tena. Vitambaa vyangu nilivianika kwenye kamba, na akiviona alisema, "Haya, mwezi mwingine," akaniongezea managu. Na mimba iliposhika kweli, baada ya mavuno ya mahindi, nilivunja desturi kabisa. Niliingia jikoni nikamwambia waziwazi, "Mama, sasa ipo." Alinifunika mdomo kwa mkono wake wote unaonuka moshi, akachungulia mlangoni kama kuna anayesikiliza, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Hakuna aliyezungumzia kuzalia jikoni. Sista alikuwa amesema niende hospitali mapema, kabla uchungu haujaanza, na daktari aliposikia habari yangu akasema jamaa wawe tayari kutoa damu, ikiwa itahitajika. Kijana alizaliwa siku ya pili baada ya mimi kulazwa, mnene, mwenye hasira, na damu niliyotokwa ilikuwa ya kawaida tu kama ya mwanamke yeyote. Lakini ninalotaka kusimulia ni la siku iliyotangulia, alasiri, mume wangu na kaka zake wakiwa kwenye benchi pale nje ya wodi.

Mama mkwe alikuja amevaa nguo yake ya kanisa. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja hadi kwa sista wa wodi, akakunja mkono wa nguo hadi juu kabisa ya kiwiko, akaunyoosha ule mkono mkavu juu ya meza.

"Chukua yangu kwanza," akasema.

"Kogo," sista akamwambia kwa upole, akitumia lile neno letu la bibi, "kwa umri wako hatuwezi. Vijana wako hapo nje."

"Umri gani? Yangu ni nzuri. Nimeacha chai."

Sista hakuelewa. Mimi nilielewa, nikakaa kitandani. Yeye ndiye aliyekuwa akipika chai ya boma zima, asubuhi na jioni. Ndiye aliyemimina, ndiye aliyemkaripia mume wangu akiacha kikombe nusu. Na mimi, niliyekuwa nimekaa mbele yake kila siku, sikuwahi kuangalia kama kuna kikombe mkononi mwake.

"Tangu lini, mama?" nikamwuliza.

"Tangu ile siku shambani." Alikuwa anaushusha mkono wa nguo kwa hasira, kifungo kimekataa kuingia. "Nilisema ukimwagika damu tena, kutakuwa na mtu mwenye yake ya kukupa. Miezi yote hiyo nanusa chai tu, na sasa huyu mtoto ananiambia mimi ni mzee."

Nilianza kulia na sikuweza kujizuia. Aliona ninavyotetemeka, akadhani uchungu umeanza, akakimbia kumwita daktari kifungo kikiwa bado wazi.